Karatasi Ndani ya Kiatu cha Kushoto

Jumamosi, 7 Machi

Dada,

Shikamoo. Mzigo ulifika jana saa kumi jioni, kamba haijakatwa. Dereva wa lori la mbao aliuleta mpaka mlangoni. Kwenye shajara nimeandika: "Viatu jozi moja, vyeusi, vina kibati cha chuma chini ya soli. Pedeli jozi moja, ndogo kama biskuti. Kutoka kwa Dada." Nimekaa navyo mapajani jioni nzima kama mtu aliyeletewa mtoto.

Leo asubuhi nimefungua pedeli za zamani, nimezifunga kwenye gazeti na kuandika tarehe juu yake, kisha nimefunga hizi mpya. Ukikanyaga inalia ta! na kiatu kinashikwa. Nimejaribu nikiwa nimeegemea ukuta wa chumbani. Kuingia ni rahisi. Kutoka nimefanikiwa mara tatu kati ya tano, na moja kati ya hizo tatu nilitoka kwa kuvua kiatu. Nadhani ni upya tu, vitalegea.

Kiatu cha kulia kimenikaa sawasawa. Cha kushoto ni kikubwa kidogo, unajua ule mguu wangu, lakini nashukuru ulijaza karatasi kwenye ncha yake. Nimeiacha humo humo na sasa hakipwayi.

Sikukwambia kwa nini nilivitaka. Wale vijana wa chumba cha ramani wana kikundi chao cha baiskeli, na kila nikipita na sandali zangu wananiuliza kama nimetoka kuoga. Miaka kumi na tisa mimi naendesha baiskeli kuja kazini na wao wameanza juzi. Ijumaa nimewaambia, "Jumatatu mtaniona." Wamesema watanisubiri getini.

Salamu kwa wote hapo karakana.

Mdogo wako,
Kalenda


Jumanne, 10 Machi

We Kalenda,

Marahaba. Barua yako imenifikia nikiwa chini ya baiskeli ya muuza maziwa, nimeisomea pale pale, na nilipofika kwenye ule mstari wa karatasi nimegonga kichwa kwenye mnyororo.

Mdogo wangu, hiyo karatasi unayoikanyaga ndiyo barua yangu! Niliiandika pande mbili na kuisukuma ndani ya kiatu ili isidondoke njiani. Wewe mtu wa masjala, ambaye hata tiketi ya basi unaitoboa na kuiweka kwenye faili, karatasi moja tu maishani hukuisoma, ukaivaa.

Itoe uisome kabla hujapanda. Nilizikaza skrubu za pedeli mpaka mwisho ili zisilegee kwenye lori, na kwa mguu mgeni hapo ni hatari. Nimekuandikia zilegezwe kiasi gani na kwa spana ipi. Halafu kutoka si kwa kuvuta mguu juu. Kisigino kinapelekwa nje, kama mtu anayezima kipande cha sigara. Tena unatoka kabla ya kusimama, si baada ya kusimama.

Na ukianguka usijali. Hakuna anayevaa vile viatu asianguke. Mimi nilianguka mbele ya soko, juu ya meza ya muuza mayai, trei mbili. Watu wakapiga makofi. Nikainuka na utelezi wa yai mpaka masikioni, nikamwambia, "Mama, nimeanguka mwenyewe, mguu umenasa." Basi akacheka yeye kwanza. Mpaka leo ananiita Kiini.

Niambie umeanguka mara ngapi. Usinidanganye, nitajua.

Dada yako,
Fundi


Ijumaa, 13 Machi

Dada,

Shikamoo. Yako ya tarehe 10 nimeipata jana. Usiwe na wasiwasi kuhusu karatasi. Kumbe niliitoa Jumapili nikaisoma, nikasahau tu kukuandikia.

Kuanguka kwa sababu ya viatu, hapana, sijaanguka. Ila Jumatatu tarehe 9, saa moja na dakika arobaini na moja asubuhi, nimepata ajali ndogo getini. Lile geti letu lina mti mrefu unaoinuliwa na kushushwa kwa mkono, na yule Mzee wa Geti, mlinzi wetu wa siku nyingi, aliushusha mapema ukanigonga. Nimeumia kiwiko cha kushoto na nyonga ya kushoto. Mkuu wa ofisi alikuwa nyuma yangu na gari lake, akaona nimelala chini. Nimetakiwa kuandika maelezo ya ajali, nakala tatu, nami nimeyaandika. Mzee amesimamishwa kazi tangu Jumatano wakati jambo linaangaliwa. Wanasema ni mzee mno. Mimi sikuomba asimamishwe.

Naomba ushauri wako wa kifundi. Pedeli ya kushoto ina mchubuko kwenye ukingo wa nje, mdogo, duara kama punje ya mahindi. Mpira wa mwisho wa usukani, kushoto, umechanika. Kiatu cha kushoto kilibaki kimeshikwa kwenye pedeli mpaka nilipofungua kamba zake. Gurudumu la mbele halina tatizo, usukani haujapinda, sina alama yoyote kifuani wala usoni. Je, pedeli hiyo bado inafaa au nibadilishe?

Vijana wa ramani wamenipa pole.

Mdogo wako,
Kalenda


Jumanne, 17 Machi

Mdogo wangu,

Pedeli inafaa. Piga tupa kidogo pale palipochubuka.

Sasa nisikilize. Mimi sikusoma kama wewe. Darasa la saba Baba alinipa spana, na wewe akakupa begi la shule. Lakini baiskeli iliyoanguka naijua kusoma kuliko unavyojua kusoma faili.

Mtu akigongwa na mti wa geti, unamgonga kifuani au usoni. Wewe huna alama kifuani wala usoni, umeniandikia mwenyewe. Baiskeli inayotembea ikianguka, pedeli inachubuka kwa mstari, mrefu kama mkia wa panya. Yako ina nukta. Duara kama punje ya mahindi. Hiyo ni baiskeli iliyokuwa imesimama tuli, ikalala upande mmoja na mtu wake juu yake, mguu wa kushoto umenaswa, kiwiko kimetangulia. Nimeziona arobaini kama hiyo. Yangu mwenyewe niliiona, ilikuwa na mayai.

Na ile karatasi hukuisoma Jumapili. Mwishoni kulikuwa na swali, nilikuuliza kama zile picha za Baba akiwa karakana bado unazo. Wewe hujawahi kupokea swali ukalala nalo. Barua yako ya tarehe 7 ninayo, ya tarehe 13 ninayo, na jibu la swali langu halimo popote.

Kukaza skrubu lilikuwa kosa langu, na ningesimama mbele ya Mkuu wako nikasema hivyo. Kosa la skrubu ni langu. La mdomo ni lako.

Huyo mzee ana watoto?

Fundi


Ijumaa, 20 Machi

Kwa Bwana Karani wa Masjala,

Salamu nyingi. Anayeandika ni mke wa mwanangu, maneno ni yangu mimi Mzee wa Geti. Yeye ndiye atakayeileta barua hii hapo mapokezi. Macho yangu ya karibu yameisha siku hizi, herufi ndogo zinacheza kama siafu.

Nimeona si uungwana kukaa kimya. Nakuomba radhi kwa kukuumiza. Tangu siku ile nafikiria na sielewi ilikuwaje. Mimi nilikuona unakuja, nikainua mti kwa mikono yote miwili, kwa sababu nilisema huyu Karani leo ana viatu vipya, asije akayumba. Katika kichwa changu mti ulikuwa juu. Lakini wewe ulikuwa chini unasema umekugonga, na baadaye umeandika. Wewe ni mtu wa kuandika. Miaka yote umesaini daftari langu kwa saa na dakika, wenzako wanaandika "asubuhi" tu. Kama umeandika hivyo basi ndivyo, mikono yangu imenidanganya.

Namshukuru Mungu ilikuwa kiwiko chako na si kichwa cha mtoto wa mtu.

Nilikuwa na kazi moja nyumbani, kumbeba mjukuu wangu jioni mama yake akipika. Ana miezi saba, mzito kama tofali. Nimeacha. Nikishindwa kushika mti nitashikaje mtoto? (Mimi ninayeandika nimemwambia Baba aache maneno hayo, amenikataza nisiyafute.)

Sina ninachokuomba. Nakutakia kiwiko kipone haraka.

Ni mimi,
Mzee wa Geti


Alhamisi, 26 Machi

Kalenda,

Siku tisa kimya. Hujawahi. Hata ulipougua tumbo mwaka ule uliniandikia kutoka kitandani, na saa ukaitaja.

Sikuandika kukuchoma. Au niliandika kukuchoma, sijui. Nijibu hata kwa mstari mmoja. Kwenye simu tukianza huwa tunapigiana kelele mpaka chaji inaisha, ndiyo maana sipigi.

Dada yako


Jumatano, 1 Aprili

Dada,

Shikamoo. Picha za Baba ninazo, sita, kwenye bahasha ya kaki, droo ya pili. Hilo ndilo jibu la swali lako.

Swali la pili: ndiyo, ana watoto, na mjukuu mmoja wa miezi saba. Nilikuwa najua hilo tangu tarehe 20 na ndiyo maana nilinyamaza. Nakuwekea barua yake ndani ya hii. Nirudishie ukishaisoma, siyo kwa ajili ya faili.

Nakuandikia sasa jinsi ilivyokuwa.

Walikuwa wamejipanga getini, vijana wa ramani, watano, wawili wameshika simu tayari kupiga picha. Nilikuja kwa mwendo wa kujionyesha, siwezi kukuficha. Mzee aliniona, akauinua mti mpaka juu kabisa na kuushika, halafu akanionyesha kwa kidevu daftari lililokuwa kwenye kiti chake ili nisaini, kama kila siku. Nikapiga breki. Nikasimama vizuri kabisa. Halafu nikataka kuweka mguu chini na mguu haukuja. Niliuvuta juu, Dada, niliuvuta kama mtu anayeng'oa muhogo. Nikaona lami inapanda polepole upande wa kushoto. Hakuna kitu kinachoanguka polepole kama mtu mzima anayejua anaanguka.

Mmoja akasema, "Jamani, Karani leo ameparki yeye na baiskeli pamoja." Wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Mimi siwezi kuinuka, mguu bado umeshikwa, naburuza baiskeli kama mbuzi aliyefungwa kigingi. Hapo gari la Mkuu likasimama, akashusha kioo: "Kuna nini hapo?"

Nikasema, "Mti, bosi. Mti umenigonga."

Sikupanga. Maneno yalitoka yenyewe, na yalipotoka kicheko kilikatika palepale. Dada, ule ukimya ulikuwa mtamu. Nikauongezea: "Ameushusha mapema." Vijana walikuwa wananitazama mimi, hakuna aliyekuwa anatazama mti, sasa wote wakageuka kumtazama Mzee. Naye akautazama mti uliokuwa mikononi mwake, halafu akasema, "Samahani sana, Bwana Karani."

Angebisha ningekubali. Najiambia hivyo kila siku. Sina uhakika.

Saa nne nikaandika maelezo. Mwandiko wangu haukutetemeka. Na jioni, hili ndilo sijawahi kulisema, niliandika vilevile kwenye shajara yangu, ambayo haisomwi na mtu. "Saa 1:41, nimegongwa na mti wa geti." Miaka ishirini na saba ya shajara, sijawahi kuandika mvua siku ambayo haikunyesha. Nilijidanganya mwenyewe chumbani, mlango umefungwa.

Barua yake iliponifikia nilijificha. Nilikuwa napita mlango wa nyuma, natembea kwa miguu, viatu nimevisukuma chini ya kitanda. Nilijisemea kwamba hata nikisema ukweli, macho yake ni mabovu kweli, ameungama mwenyewe, watamwondoa tu.

Jana ilikuwa mwisho wa mwezi. Vitabu vyote vya ofisi huja kwangu kufungwa, na daftari la geti pia. Nimelifungua kugonga mhuri. Tarehe 9, mstari wa kumi na nne, kwa ule mwandiko wake mkubwa kama wa mtoto: "1:41. Karani ameanguka na baiskeli. Mti ulikuwa juu, nimeushika."

Ameukata. Mstari mmoja ulionyooka, bila shaka kwa rula. Chini yake, kwa wino mwingine: "Mti umemgonga Karani. Kosa langu."

Aliandika alichokiona, saa ileile. Kisha akaambiwa nimeandika nini, akarudi akakata alichokiona kwa macho yake, akaweka maneno ya karatasi yangu.

Nimelifunga daftari bila kugonga mhuri. Sijui nifanye nini. Yaani najua. Nakuandikia wewe ili mtu ajue kwamba najua.

Kalenda


Jumamosi, 4 Aprili

Mdogo wangu,

Barua ya mzee nakurudishia. Nimeisoma mara moja tu, sikuweza zaidi. Vumbi la karakana.

Sitakugombeza. Umejigombeza vya kutosha na mwandiko mzuri. Lakini umeniandikia kurasa tatu mimi, na mimi si mwenye geti. Ukinyoosha sana maneno kwangu utajisikia umeshasema, halafu utalala vizuri. Usilale. Chukua kalamu hiyohiyo, waandikie wanaohusika.

Na usianze na macho ya mzee, wala skrubu zangu. Anza na "nilianguka".

Fundi


Jumatatu, 6 Aprili

Kwa: Mkuu wa Ofisi
Kutoka: Karani wa Masjala
YAH: KUFUTA MAELEZO YANGU YA TAREHE 9 MACHI

Nilianguka mwenyewe. Mti wa geti haukunigonga. Ulikuwa juu, umeshikwa na mlinzi kwa mikono miwili, kama yeye mwenyewe alivyoandika katika daftari la geti, tarehe 9 Machi, mstari wa 14, kabla hajaukata mstari huo kwa sababu ya maelezo yangu.

Nilikuwa nimesimama. Nilivaa viatu vinavyoshikwa na pedeli na sikujua kuvitoa, kwamba kisigino kinapelekwa nje. Maelekezo nilipewa, sikuyasoma. Watu walicheka, nikaona aibu, nikasema uongo, kisha nikauandika nakala tatu.

Naomba mlinzi arudishwe kazini, na barua hii ibandikwe kwenye ubao uleule ilipobandikwa taarifa ya kusimamishwa kwake. Niko tayari kwa hatua yoyote.

Karani wa Masjala


Jumatatu, 6 Aprili

Mzee wangu,

Shikamoo. Ndani ya bahasha hii kuna nakala ya barua niliyompa Mkuu leo saa mbili asubuhi. Naomba mke wa mwanao akusomee hiyo kwanza, kisha arudi kwenye hii.

Mikono yako haikukudanganya. Mti ulikuwa juu. Mimi niliuona ukiwa juu, niliutazama nikiwa chini, nilisema uongo huku nautazama. Uliniomba radhi mara mbili, getini na kwa barua, na mara zote mbili nilikuwa na nafasi ya kufungua mdomo.

Umesema mimi ni mtu wa kuandika, na kama nimeandika basi ndivyo. Hilo neno ndilo linalonifanya nishindwe kupita mlango wa mbele.

Sikuombi unisamehe leo. Nakuomba umbebe mjukuu.

Karani


Ijumaa, 10 Aprili

Kwa Karani,

Nimesomewa. Nikasema irudiwe. Halafu nikatoka nje nikazunguka nyumba.

Nikuambie ukweli na mimi. Ungeiba kitu changu ningekuelewa haraka zaidi. Kazi ni kazi, nilikuwa nimeshaanza kuizoea hasara yake. Lakini siku ishirini na nane nimekaa naogopa mikono yangu mwenyewe. Chai nilikuwa nashika kikombe kwa mikono miwili kama mgonjwa. Mtoto akinyoosha mikono abebwe, mimi nageuza uso. Ulinifanyia hivyo ili wasikucheke. Na walikuwa wanakucheka kwa uzuri tu, hata mimi nilikuwa nataka kucheka, nilijibana kwa heshima.

Wamenipeleka kupimwa. Daktari anasema ya mbali naona kama kipanga, ya karibu tu ndiyo nahitaji miwani. Wamenipa miwani. Jumatatu narudi.

Kuhusu kukusamehe, sijui bado. Nakupa masharti. Usipite mlango wa nyuma. Uje na baiskeli, na viatu hivyo hivyo, usimame kwenye mti kama kila mtu, usaini. Nikikuona na sandali nitakurudisha nyumbani.

Mti nitaushika mimi.

Mzee wa Geti

(Mimi ninayeandika naongeza: jana jioni alimbeba mtoto mpaka mtoto akalala, na akakataa kumweka chini.)


Jumatatu, 13 Aprili

Dada,

Shikamoo. Imekuwa leo.

Barua yangu ilibandikwa tangu Jumanne. Nimeipita kila siku mara nne, kwenda na kurudi, asubuhi na mchana. Ukiwa umesimama karibu na ubao watu wanajifanya wanasoma tangazo la bomba. Barua ya onyo nimeipata Alhamisi, na kwa kuwa mimi ndiye masjala, nimeiingiza mwenyewe kwenye faili langu, folio ya 31, nikaandika muhtasari wake kwa mkono wangu: "Onyo kali. Uongo." Vijana wa ramani hawasemi kitu, na hilo ni baya kuliko kama wangesema.

Skrubu nililegeza jana nikiwa na karatasi yako mkononi, imekunjamana na ina harufu ya mguu, lakini inasomeka. Nimefanya mazoezi kando ya ukuta mara sitini. Nimehesabu.

Leo saa moja na dakika thelathini na nane nilikata kona. Nikawaona. Siyo watano, ofisi nzima. Mtu wa mapokezi ametoka na kikombe chake cha chai. Mzee amesimama na sare iliyopigwa pasi, miwani puani, mti uko juu, ameushika. Nilitaka kugeuza, Dada. Nakuandikia ili ujue: nilitaka kugeuza.

Nikiwa bado hatua kumi, Mzee akapaza sauti, mpaka ng'ambo ya barabara walisikia: "Karani! Kisigino nje!"

Nikapeleka kisigino nje. Ikalia ta. Mguu ukatua.

Hakuna aliyepiga makofi. Mzee akaufunga mti kwa kamba yake, taratibu, akachukua daftari. Siyo la Aprili. Lilikuwa lile la Machi, ambalo nilikuwa nimelirudisha kwa Mkuu bila mhuri. Kumbe aliliomba. Akafungua tarehe 9.

"Hapa," akasema, "nilikata maneno yangu nikaweka yako. Hayo ya chini siyataki kwenye daftari langu. Kata wewe. Kwa rula."

Akanipa rula. Nikaweka daftari juu ya kiti cha baiskeli nikakata. Mstari safari hii umepinda, utabaki hivyo.

"Sasa andika."

Nikaandika: "Nilianguka mwenyewe. Mti ulikuwa juu." Akalichukua, akasogeza miwani, akasoma kwa sauti, neno moja moja, kama mtoto anayejifunza, mbele ya watu wote. Uso wangu uliwaka mpaka machozi yakanitoka. Nilidhani amemaliza. Akanirudishia.

"Saa hujaandika," akasema. "Wewe si ndiye unayeandika saa?"

"Saa moja na dakika arobaini na moja, Mzee."

"Andika."

Nikaandika. Akalifunga, akafungua la Aprili, nikasaini ya leo. Mti ulikuwa juu. Akasema, "Pita, unazuia watu," nami nikapita nikiisukuma baiskeli.

Nyuma yangu mmoja wa vijana wa ramani akauliza kwa sauti ndogo, "Mzee, umemsamehe?"

Nikasikia anajibu, "Kesho atapita tena."

Nimeandika kwenye shajara. Ukurasa wa tarehe 9 Machi sikuuchana. Nimeukata kwa mstari mmoja, nikaandika chini yake.

Mdogo wako,
Kalenda